Tumbili wa Peru Shambani Kambu

Jumatatu, 13 Oktoba 1986

Siku nzima ukutani kwa Kinuthia. Mimi ndiye mchoraji wa mabango hapa Kambu, wa pekee, na hoteli ya Kinuthia ndiyo inayosimamisha mabasi ya Mombasa. Kwa hivyo ukuta ule unaonekana na watu wengi kuliko ukuta wowote niliowahi kuchora. Nimemchorea simba. Asubuhi abiria mmoja, kikombe mkononi, alimuuliza Kinuthia kama huyo mbwa anauma. Kinuthia badala ya kunitetea akasema hajui, aulizwe fundi. Alikuja hapa kutoka Murang'a na chai anaijua. Sanaa hapana.

Lakini siku haikuharibika. Mzungu mmoja alishuka kwenye basi, akanywa soda, akapanda tena, akasahau gazeti kwenye benchi. Gazeti nene, picha za rangi, karatasi ya kung'aa. Kinuthia alikuwa ameshanyoosha mkono alipasue afungie maandazi. Nililiwahi.

Nimesoma mpaka chai ikapoa. Kiingereza kigumu, lakini picha zinajieleza. Kuna nchi inaitwa Peru. Huko kuna jangwa, na karibu miaka elfu mbili iliyopita waliishi humo watu wanaoitwa Wanasca. Hawakuwa na ndege. Hata baiskeli hawakuwa nayo. Lakini walichora wanyama chini, kwenye ardhi yenyewe, wakubwa kuliko uwanja wa mpira. Buibui. Ndege mwenye mdomo mrefu. Tumbili mwenye mkia uliojiviringa na kujiviringa. Waliondoa mawe meusi yaliyokuwa juu, udongo mweupe wa chini ukatokea. Basi, kazi imekwisha. Bila rangi, bila brashi, bila Kinuthia wa kuwaharakisha. Ukisimama chini huoni kitu, ukiwa juu unaona kila kitu. Siku hizi watu wa dunia nzima wanapanda vindege kwenda kuwaangalia wanyama hao.

Nikatoka nje nikakiangalia kilima chetu. Mawe meusi yale ya milima ya Chyulu, tele. Udongo mweupe chini yake. Na juu angani, wakati huohuo, kindege cha watalii kikielekea Tsavo. Nimerudi nyumbani nikiimba, na Muthoki mke wangu ameniuliza nimekunywa nini.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepima kilima kwa hatua. Tumbili anaenea vizuri kabisa. Kichwa upande wa barabara, mkia chini karibu na mpaka wa Mwangangi. Kuna tatizo moja tu. Kilima ni shamba letu, na shamba letu, nikisema ukweli, ni la Muthoki. Mimi huenda huko kumwita wageni wakija.

Shamba lenyewe limeinama sana. Mvua ikinyesha, udongo wetu unateremka wote kwa Mwangangi, pamoja na mbolea, pamoja na mbegu. Mwangangi ni jirani yetu wa chini na pia ni mzee wa kanisa. Kila mavuno anasimama mbele ya washirika kumshukuru Mungu aliyempa ardhi yenye rutuba. Ni ardhi yangu! Nami nakaa pale kwenye benchi nasema amina kwa mahindi ya mtu mwingine yaliyoota kwenye udongo wangu.

Muthoki amengojea zamu yake ya mwethya tangu mwaka jana. Hawa ni kina mama wanaochimbiana matuta, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba anawapikia. Zamu yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Jioni hii ameniambia, bila kupandisha sauti, kwamba udongo ukishuka tena mwaka huu hatapanda hata punje moja hapa. Atachukua watoto aende Tawa kwa kaka yake, alime huko ambako jasho lake halitiririki kwa jirani, na mimi nibaki nikila rangi. Sauti yake ndiyo inanipa wasiwasi. Muthoki akipiga kelele, mambo huisha hapohapo. Akinyamaza, hutenda.

Hata hivyo nimewaza jambo. Kikundi kizima, majembe yote, siku nzima, kwenye kilima changu. Wanasca wenyewe hawakuwa na bahati kama hii.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemweleza Kinuthia mpango. Watalii wataona tumbili wakiwa angani, watataka kujua ni nini, watakuja. Akauliza, wakiwa angani chai yake watainywaje. Nikasema watatua. Akauliza watatua wapi. Nikasema barabarani, asubuhi mapema, magari yakiwa machache. Akasema madereva wa malori watafurahi sana. Huyu mtu hana ndoto. Lakini amekubali kwamba mtalii hata mmoja akifika kumuuliza habari za tumbili, ataniachia ukuta wa nyuma wa hoteli nichore nitakacho.

Kisha akachukua gazeti, akahesabu vidole vya tumbili wa Wanasca. Tisa. Mkono mmoja vitano, mwingine vinne. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema sasa ameelewa kwa nini nimewapenda, kumbe ni ndugu zangu wa kazi. Nilimjibu kwamba wasomi wakubwa wamekaa miaka na miaka wakichunguza michoro hiyo na hakuna aliyethubutu kucheka. Wengine wanasema ilikuwa njia za kutembea wakiomba, wengine wanasema ni mambo ya nyota au ya kutafuta mvua. Tumbili wangu atakuwa na vidole tisa vilevile. Sanaa haitaki woga.

Nimejifunza pia walivyofanya kazi. Vigingi na kamba. Mstari mmoja unaanza, unazunguka mnyama mzima, unatoka, haujikati popote. Kuna pia kurasa nyingi juu ya visima vyao, vilivyochimbwa kwa mzunguko, mtu anateremka akizunguka mpaka afikie maji. Hizo nimeruka. Nani atapanda ndege kuja kuangalia kisima?

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepiga vigingi. Kamba yangu ilikuwa fupi, nikaenda kuazima ile ya ng'ombe kwa Mwangangi. Akataka kujua ya nini. Nikasema ya kupimia matuta, Alhamisi mwethya inakuja. Uso wake ulibadilika. Akasema ndugu yangu Kivuva, matuta ni kazi ngumu, yanakula shamba, na kina mama wamechoka. Akasema kamba imelowa. Akasema kwa kweli hajui iko wapi.

Nilipoona kamba inapotea nikamwambia siri. Si matuta, ni tumbili. Nikamwonyesha gazeti. Alilitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama mistari ya tumbili inazuia maji. Nikasema haizuii chochote, ni sanaa tu. Akauliza kama nina hakika hakutakuwa na tuta hata moja. Nikamhakikishia. Hapo Mwangangi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kipawa hutoka kwa Mungu na ni dhambi kukificha. Kamba ikapatikana mara moja. Akaongeza na nyingine.

Miaka kumi na minne tumekuwa majirani na leo ndiyo mara yake ya kwanza kunisifu. Nilikuwa nimemhukumu vibaya.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kenyatta Day. Hotuba kwa chifu, jua kali. Kindege kilipita chini kidogo wakati wa hotuba na mimi nikakipungia mkono. Chifu alidhani nauliza swali.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Nzilani kwenye shamba. Nzilani ndiye mwenyekiti wa mwethya. Huwa anapita kuangalia mahali kabla ya siku ya kazi, anajua kila mtelemko kutoka hapa mpaka relini. Alikuwa amesimama katikati ya tumbo la tumbili, mikono kiunoni. Akaniuliza, Baba Ndila, hizi vigingi ni za nani. Nikasema ni zangu, ni njia mpya ya kuchimba kutoka Peru. Akauliza kama Peru wako na milima. Nikasema mingi kuliko sisi. Akazunguka mkia wote, akauliza huu mzunguko ni wa nini. Nikasema ndio muhimu kuliko yote. Akasema haya, tutaona Alhamisi, akaenda zake.

Sikumwambia ni tumbili. Siwezi. Hapa kina mama wanashinda juani msimu mzima na manati na mawe wakifukuza tumbili kwenye mahindi. Ukiwaambia wakuchoree mmoja, tena mkubwa kuliko kanisa, tena kwenye shamba lenyewe, watasema unawaita wenzake.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimemaliza bango. Mabati mazuri, rangi nyekundu na nyeupe: TUMBILI WA KALE, KARIBU WAGENI. Nimeliegemeza nyuma ya choo ili Muthoki asilione mapema. Yeye leo ameloweka mahindi na maharagwe ya kuwapikia kina mama, ameazima sufuria kubwa ya kanisa, ameosha vikombe. Amefurahi. Jioni aliketi mlangoni akiangalia shamba, akaniambia mwaka huu huenda tukala chetu. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikajiambia atafurahi zaidi watalii wakija.

Alhamisi, 23 Oktoba

Aibu. Aibu na hasara.

Kina mama walifika asubuhi na majembe yao. Mwangangi naye akafika, na sururu, bila kuitwa. Mwanamume hafiki mwethya ya wanawake hivihivi, lakini alisema amekuja kunisaidia kwa upendo na anataka sehemu ngumu. Nikampa mkia. Nikamwambia ndio roho ya mchoro na uchimbwe kwa kina. Akavua koti.

Niliwaanzisha kina mama kwenye mgongo wa tumbili, nikaona wameshika mstari vizuri, nikasema moyoni sasa naweza kwenda kumleta Kinuthia awe shahidi. Sukari ya uji pia ilikuwa imeisha. Nikapanda baiskeli.

Kinuthia alinichelewesha. Kwanza basi lililofika, kisha lingine. Tuliporudi kazi ilikuwa imekwisha na kina mama walikuwa wanakula. Nikapanda juu ya jiwe kumwonyesha kichwa.

Hakukuwa na kichwa. Hakukuwa na mikono, miguu, wala tumbo. Kulikuwa na matuta. Matuta marefu, yamelala kwa kukata mtelemko, moja juu ya lingine kutoka juu mpaka chini, udongo umetupwa juu na mawe yangu meusi yamepangwa vizuri kwenye kingo.

Nilimuuliza Nzilani vigingi vyangu viko wapi. Akanijibu kwa huruma, kama mtu anayefariji mwenzake. "Baba Ndila, pole sana. Mbuzi zilikuwa zimeingia usiku zikasukuma vigingi yote, zingine zinashuka, zingine zinazunguka. Lakini usijali, tumezirudisha laini."

Mbuzi! Nilieleza. Nilisema vilikuwa vimekaa vile kwa makusudi. Hakuna aliyeniamini. Baadaye nilielewa kilichotokea. Wanachimba wakiwa wamesimama bega kwa bega, Nzilani anaanzisha wimbo, jembe linapanda na kushuka pamoja, safu nzima inasogea kukata kilima. Walipofika shingoni mahali mstari unapokata kona kuteremka, safu ikaendelea mbele. Watu wanaoimba hawakati kona. Walipoona vigingi vimebaki nyuma wakajua ni mbuzi.

Kilichobaki ni mkia. Mwangangi amechimba peke yake siku nzima, jasho limemlowesha mpaka viatu, mzunguko ndani ya mzunguko, kwa kina cha kiuno, kuta zake safi kama za kaburi. Hakuinua kichwa hata mara moja mpaka alipomaliza. Alipoinua akaona matuta juu yake. Alikaa kwenye udongo, sururu mapajani. Sikujua anapenda sanaa kiasi hicho.

Kinuthia aliangalia huku, akaangalia kule. Akasema kwa kweli ni tumbili wa ajabu, amekufa na kuacha mkia.

Muthoki anaimba jikoni.

Jumapili, 26 Oktoba

Mchungaji amenitaja kanisani. Amesema wanaume wengine waige mfano wa Bwana Kivuva, ambaye alipima shamba lake kwa kamba kwa siku kadhaa kabla ya kina mama kufika. Nilisimama, nikapunga mkono. Mwangangi aliombwa afunge kwa maombi, akaomba kirefu sana juu ya watu wasemao uongo.

Wakati wa maombi ndipo wazo lilipokuja. Matuta ni mistari. Tumbili naye ni mistari. Nikiyaunganisha kwa kukata kingo hapa na pale, tuta la tatu linakuwa bega, la tano nyonga. Nikafumbua macho kabla ya amina.

Jumanne, 28 Oktoba

Muthoki alikwenda sokoni na mimi nikaingia kazini. Mkono wa kushoto kwanza. Nilikata ukingo wa tuta la tatu, mwanya mdogo tu wa upana wa mtu, nikausafisha. Mzuri. Nikahamia mkono wa kulia.

Sikumsikia akirudi. Alisimama juu yangu na kikapu chake kichwani. Hakuuliza nafanya nini. Alisema Baba Ndila, mimi sitakuwa na maneno mengi. Mvua ikipita hapo ulipokata, tutaamka na kuangalia kunde zetu kwa Mwangangi, na siku hiyo utanitafuta Tawa. Akashusha kikapu, akangoja nizibe. Niliziba. Nilishindilia kwa miguu mpaka akatosheka.

Ule mkono wa kushoto sikuutaja. Uko mbali, majani yameufunika, na ni mwanya mdogo. Inasikitisha kuziba kazi safi kama ile.

Kesho anaanza kupanda. Mahindi, kunde, pojo, mbaazi kwenye kingo.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua.

Ilianza saa nane mchana. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Chyulu tangu asubuhi na watu wote walikuwa wamekaa mlangoni wakingoja. Matone ya kwanza yalipiga mabati na Muthoki akatoka nje akasimama katikati ya uwanja, uso juu. Nilikuwa namwangalia nikiwa na furaha, kisha nikakumbuka mkono wa kushoto.

Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifikiria Tawa, nikafikiria nyumba hii haina sauti ya mtu, na mimi ndani yake na makopo yangu ya rangi. Nikakimbia.

Nilipofika maji yalikuwa yameshapata njia. Tuta la tatu lilikuwa limejaa lote na linamiminika kwenye mwanya wangu, na udongo wa juu, ule ambao Muthoki aliutia mbegu jana, unaondoka nayo. Tuta la chini yake lilikuwa linaanza kupasuka. Nilikaa kwenye mwanya. Sikuona kingine cha kufanya. Nilikaa pale na mgongo wangu ukawa ukingo, lakini maji yalipita kwapani.

Muthoki alinikuta hivyo. Alikuwa na karai. Alitazama mwanya, akanitazama, na nilijua ameelewa kila kitu. Nikamwambia kuna mabati nyuma ya choo. Aliyaleta akikimbia. Tulisimamisha bango kwenye mwanya, mimi nikaegemea, yeye akatupa mawe na udongo nyuma yake karai kwa karai, mvua inatuchapa. Nilikuwa nimeegemea herufi zangu mwenyewe. KARIBU WAGENI, na hakuna hata tone lililokaribishwa.

Lilishika. Tuta la tatu lilijaa mpaka juu na likasimama. Maji ya ziada yalizunguka taratibu pembeni, yakateremka yakaingia kwenye mkia wa Mwangangi, mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka katikati, yakatulia humo.

Mwangangi alikuwa amesimama mpakani kwake na mwavuli, jembe mkononi, tayari kupokea. Hakupokea kitu. Alisimama hapo hadi mvua ikaisha.

Muthoki aliketi kando yangu kwenye matope. Nilingoja aseme Tawa. Akasema, "Hiyo mabati usiitoe tena." Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, na sijui tulikuwa tunacheka nini hasa.

Jumapili, 16 Novemba

Kila kitu kimeota. Kila tuta lina mstari wake wa kijani, na watu wanaotoka kanisani wanapitia njia yetu kwa makusudi. Kaka yake Muthoki amemwandikia kuuliza anakuja lini. Amemjibu kwamba hana nafasi, ana shamba.

Mkia bado una maji. Udongo wa chini kule ni ule mzito wa kufinyangia vyungu na hauyanywi. Kina mama wanateremka wakizunguka na mitungi yao mpaka katikati, wanachota, wanapanda wakizunguka. Mchungaji amekuja kuniuliza kama anaweza kubatiza humo, maana mtu anateremka polepole, mguu hautelezi, na washirika wote wanaona. Nimemruhusu. Wabatizwa walikuwa wengi leo. Mwangangi ndiye aliyewashika mikono wakishuka, kama mzee wa kanisa. Alisimama ndani ya maji aliyoyachimbia shimo mwenyewe, akawa amekunja uso kama mtu anayetafuna kitu kichungu. Nilimwambia baadaye ameifanya kazi nzuri sana. Alikwenda kukamua suruali. Wasanii tunachukua muda kuzoea sifa.

Nilikuwa nimesimama ukingoni nikasikitika kidogo. Watu wote hawa, na hakuna anayejua wamesimama kwenye mkia wa tumbili.

Alhamisi, 20 Novemba

Afisa wa kilimo amefika. Kijana mpole, buti safi. Alitembea juu ya kila tuta akiandika, akafika kwenye mkia akachuchumaa. Akauliza ni nani alibuni hifadhi ya maji ya mzunguko kama ile. Muthoki alikuwa ameshafungua mdomo kumtaja Nzilani. Nikawahi. Nikasema nilisoma habari za Wanasca, watu wa kale wa Peru. Alinishika mkono. Akasema huko chuoni alisikia kidogo juu ya visima vya watu hao, lakini hakuwahi kukutana na mkulima aliyevisoma na kuvitumia. Visima? Sikumuelewa, lakini nilitikisa kichwa.

Anataka niende Zombe, Kitui, nikawaonyeshe kina mama wa huko kabla ya mvua za Machi. Kilima chao ni kikubwa, kimeinama, kitupu. Watanipa kikundi kizima na nitapiga vigingi mwenyewe. Nzilani ameomba aje pia. Nimemwambia asijisumbue, ni safari ndefu na mambo ya nyumbani ni mengi.

Jumatatu, 24 Novemba

Maandalizi. Nimenunua kamba yangu mwenyewe, ndefu. Kinuthia ameuliza kama Zombe kuna ndege zinazopita. Nimemwambia zitapita zikisikia. Simba wake wa ukutani ameendelea kubwekewa na wasafiri na mimi sina tena haja naye.

Nimesoma gazeti upya, kwa makini, kurasa zile za nyuma ambazo sikuwa nimezifikia. Kosa letu la mara ya kwanza nimelijua. Tumbili ni mnyama anayejulikana, na ana kona nyingi mno kwa watu wanaoimba. Wanasca walikuwa na picha nyingine, wakaichora ardhini na wakaichora tena kwenye vyungu vyao vya rangi. Mwili mrefu, umenyooka, kona chache. Na Zombe hakuna mtu aliyewahi kumwona akiwa hai, kwa hivyo hakuna atakayesema nimekosea.

Jioni Muthoki alinipigia pasi shati. Alikuwa na furaha. Akaniangalia nikikunja kamba, akaacha pasi, akaniuliza kwa sauti ile ya chini kama ninakwenda kuwachorea watu wa Zombe tumbili. Nilimtazama machoni nikamwambia hapana, na sikumdanganya. Ni nyangumi.